Magunia Yaliyopumua

Sura ya Saba

Chumba cha mkaa kilikuwa safi kuliko ofisi ya mkuu wa kituo, na hilo peke yake lilimuudhi Bi Kwanini. Alizoea vifo vinavyoacha fujo nyuma yake: kiti kimepinduka, kikombe kimevunjika, jirani amesikia ukelele. Hapa palikuwa na sakafu ya saruji iliyofagiwa, mkeka, mto mdogo wa pamba, na magunia ya mkaa yaliyopangwa kuta tatu, midomo wazi. Juu kabisa, karibu na dari, kulikuwa na tundu dogo la hewa lenye wavu. Mlango ulikuwa wa chuma na komeo lake lilikuwa upande wa nje.

Jina la Bi Kwanini hakupewa na wazazi wake. Alipewa na polisi wenzake, kwa sababu hata ukimwambia chai imekwisha atakuuliza kwa nini. Asubuhi hiyo alikuwa na kwa nini moja tu, nayo ilimkaa kooni. Mwanamke mmoja alikuwa mahabusu kwa kosa la kumuua mumewe. Kesho angepandishwa kizimbani. Bi Kwanini hakuamini kwamba aliua, lakini kutoamini si ushahidi, na mkuu wake alikuwa amemwambia hivyo kwa maneno yasiyoandikika. Kisha akamwachia siku iliyobaki, pamoja na Sajini mwenye mafua.

Marehemu aliitwa Fundi Tanuri na kila mtu, mkewe akiwemo. Kazi yake ilikuwa kuchoma vifuu vya nazi vikawa mkaa, kisha kuupitishia mkaa huo mvuke mkali hadi utoboke vitundu visivyoonekana kwa macho. Kiwanda chenyewe kilivuna gesi kutoka kwenye mashimo ya taka za sokoni. Gesi ya taka hutoka ikiwa imechanganyika: sehemu yake inawaka jikoni, sehemu nyingine ni hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani, isiyomfaa mpishi kwa lolote. Mkaa wa Fundi ulijazwa ndani ya minara miwili ya chuma. Gesi iliposukumwa humo, vitundu viliikamata hewa ya ukaa na kuiacha ile ya kupikia ipite zake. Hapakuwa na mkaa mwingine kama huo, na viwanda vingine vilikuwa vikiutamani.

Fundi alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni. Kila siku kabla ya chakula cha mchana alijinyoosha kwenye mkeka katika chumba hiki, kwa kuwa aliamini hakuna hewa safi kama ile iliyolala na mkaa. Si yeye peke yake. Kiwanda kizima kiliamini hivyo. Watu walitia vipande vya mkaa kwenye viatu, kwenye friji, chini ya vitanda vya watoto wenye mafua. Mkaa unanyonya ubaya, walisema.

Siku ya mapumziko Fundi alikuja peke yake kuchochea tanuri lisizime. Mchana mkewe akamletea chakula, akamkuta amekufa, nusu ya mwili mkekani na nusu sakafuni, kichwa kimeelekea mlangoni. Daktari hakuona sumu, wala jeraha, wala alama shingoni. Aliandika kwamba mtu huyu amekosa pumzi. Askari wa zamu wakamalizia wenyewe: mke amemziba kwa mto, kisha akajaribu kumburuta. Mlinzi aliapa kwamba hakuna mwingine aliyepita getini. Na mke naye, maskini ya Mungu, akasema mlango aliukuta umekomewa kwa nje. Hakuna mwingine aliyeliona komeo hilo likiwa limefungwa isipokuwa yeye.

"Afande," Sajini alisema, akifuta pua, "hapa hamna kitu. Twende zetu."

Kabla hajajibiwa, nje kulisikika pumzi. Ilikuwa ndefu, ya kifua kikubwa. Ilivutwa polepole, ikakwaruza mwishoni, kisha ikashushwa. Sajini, mwenye mwili wa kubeba mlango, alisogea nyuma ya Bi Kwanini.

"Ndiye huyo," alisema mlinzi kutoka kizingitini. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la mvua siku isiyo na mvua.

"Ndiye nani?"

"Marehemu. Tangu amefariki, mnara unapumua kama yeye. Hebu sikiliza ule mkwaruzo. Hicho ni kifua chake, afande. Mimi nimekaa na kifua kile miaka."

Bi Kwanini alisikiliza. Mkwaruzo ulikuwepo kweli, kama wa mtu anayepanda ngazi na pumu yake. Ubaridi ukampanda mgongoni, akaukasirikia.

"Kabla hajafa mnara haukuwa ukipumua?"

Mlinzi akafikiri. "Ulikuwa ukipumua," alikiri. "Ila hatukuwa tunausikiliza."

"Na siku ile, mzee wangu, ulilala lindoni kwa muda gani?"

"Mimi? Afande, macho haya tangu nizaliwe hayajui kufumba kazini."

"Sajini, andika. Shahidi hajalala tangu azaliwe."

"Labda nilisinzia," mlinzi alisema upesi. "Kusinzia si kulala."

"Nyuma kuna mlango?"

"Upo, wa kuingizia vifuu. Lakini una kufuli, na funguo wanazo watatu tu: marehemu, Mhandisi, na Kitinda."

Kitinda alikuwa mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa, ndiyo maana ya jina hilo. Yeye ndiye aliyeendesha minara. Siku hizo alikuwa nyumbani akipokea rambirambi, na kila aliyempa mkono alimsikia akisema kwamba shemeji yake ndiye muuaji.

Bi Kwanini alirudi kwenye magunia. Asubuhi, kabla ya kuja, alikuwa ameketi na mjane huyo kwenye benchi la mahabusu, na maneno yake mawili yalikuwa yamemganda. La kwanza: alipoinama kumwinua mumewe, kichwa kilimzunguka na pua ikamchoma kama mtu aliyepaliwa na soda. La pili: alipojishikiza kwenye gunia asianguke, gunia lilikuwa baridi. Si baridi ya kivuli. Baridi ya kitu kilichotoka kwenye friji, tena mchana, chini ya paa la bati. Askari waliandika kwamba mtuhumiwa amechanganyikiwa.

Sasa magunia hayakuwa baridi. Aliyagusa moja moja, akazunguka chumba, akafika kwenye kona ambako magunia yalikuwa yamepandana. Lile la chini kabisa lilikuwa bado limefungwa kamba shingoni, nalo lilikuwa limevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

"Niitie Mhandisi," alimwambia Sajini.

Sajini akamsogelea sikioni. "Huyo mama waligombana na marehemu wiki iliyopita. Kiwanda kizima kilisikia."

"Vizuri. Tutasikia na sisi."

Mhandisi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye masizi kwenye nyusi. Hakungoja kuulizwa mara mbili.

"Tuligombana kila wiki. Yeye alitaka kuuchoma mkaa polepole, mimi nilitaka mwingi. Yeye ndiye aliyekuwa na haki, na nilimwambia. Siku aliyokufa nilikuwa kwenye harusi ya binti yangu tangu asubuhi. Watu wa koo mbili walinitazama nikicheza vibaya. Waulize." Kisha akayaona magunia, na uso ukabadilika. "Nani ameyafungua haya?"

"Hayakai wazi?"

"Hata kidogo! Mkaa huu ni mlafi, ukiachwa wazi unakunywa unyevu. Ukitoka mnarani unatiwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya gunia, unafungwa, unasubiri kurudishwa tanurini. Hakuna mfanyakazi wangu asiyejua hilo."

Bi Kwanini akaliweka hilo akilini. "Niambie jambo lingine. Kwa nini gunia la mkaa liwe baridi mchana wa jua?"

Mhandisi aliinua kichwa. Alikuwa akimtazama polisi, lakini macho yake yalikuwa yanahesabu mambo mengine.

"Nani kakwambia lilikuwa baridi?"

"Mtu aliyelishika."

"Mkaa ukimeza hewa ya ukaa unapata joto," Mhandisi alisema polepole. "Ukiitema, unapoa. Ni kama jasho linavyokupoza likikauka. Lakini haiwezekani. Mkaa unaotoka mnarani ni mtupu. Kabla ya kufungua mnara tunaupasha moto, tunaunyonya kwa pampu, mpaka uishiwe kabisa. Hiyo pumzi mnayoisikia nje ndiyo hiyo, na mkwaruzo ni beringi ya pampu imechakaa. Ukishanyonywa, mkaa ule mtu anaweza kuulalia."

"Na usiponyonywa?"

Mnara ukapumua. Mhandisi aliutazama mkeka, kisha tundu la hewa kule juu, kisha mkeka tena.

"Hewa ya ukaa ni nzito," alisema. "Inajaa kuanzia chini, kama maji."

Bi Kwanini alimtuma Sajini akatafute mshumaa. Walilivuta lile gunia lililovimba hadi kizingitini, mlango ukiwa wazi. Mhandisi alifungua kamba, na gunia likatoa pumzi nyembamba, ndefu, iliyowapita mikononi kwa baridi. Mlinzi alikwenda kusimama mbali akasema kwamba analinda geti. Sajini aliufunga mshumaa kwa waya, akauwasha, akaushusha mdomoni mwa gunia.

Moto ukafa. Upepo haukuwepo, wala mwali haukutikisika kwanza. Ulizimika tu, kama uliobanwa na vidole.

Sajini aliuwasha tena, ukafa tena. Mara ya tatu alikataa.

Mhandisi aliketi kwenye ngazi. "Magunia yote haya," alisema. "Yote yalikuwa yamejaa, yamefunguliwa, mlango umefungwa. Alilala katikati yake ili apate hewa safi. Mkaa wetu umemuua."

"Mkaa hauna mikono ya kufungua kamba," Bi Kwanini alisema. "Wala ya kukomea mlango. Nani aliutoa mkaa huu mnarani?"

"Kitinda. Jioni ya kuamkia mapumziko. Mlinzi alimsaidia kubeba."

Mlinzi aliitwa kutoka kwenye geti lake la ghafla. Ndiyo, alibeba. Tena alilalamika siku hiyo, kwa kuwa magunia yalikuwa mazito kuliko siku zote. "Nikamwambia Kitinda, leo mkaa huu unaniua mgongo. Akasema ni uzee wangu. Nilikasirika, afande, lakini sikusema kitu. Kijana mwenyewe alikuwa hana raha."

"Uzito huo ni wa hewa ya ukaa isiyonyonywa," Mhandisi alisema.

Sajini alikwishashika pingu. "Tumempata."

"Tumempata mtu aliyesahau kunyonya mnara," Bi Kwanini alisema. "Atasema alichoka, pampu ilimsumbua, hakujua. Atalia, nasi tutalia naye. Komeo analijua mjane peke yake, na mjane ndiye mshitakiwa. Nataka mtu aliyejua."

Akausikiliza mnara ukishusha pumzi. Kisha akawaambia anachotaka, na akawaapisha wote watatu wafunge midomo. Kwa dunia nzima, Fundi Tanuri alikuwa bado ameuawa kwa mto.

Mhandisi alikagua magunia yote, hata lile la kona akalimwaga uani likapigwa na upepo mpaka mshumaa ukawaka juu yake bila wasiwasi. Walifagia chumba. Wakaweka mshumaa sakafuni, mlango umefungwa, wakausubiri nje. Walipofungua ulikuwa ungali ukiwaka. Ndipo magunia yakafungwa shingo upya, na Sajini, kwa pampu ya baiskeli ya mlinzi, akayajaza upepo wa kawaida hadi yakavimba. Alitoka jasho, mafua yakamwachia. Mhandisi naye akatangaza uani, kwa sauti ya kugombeza, kwamba mnara wa kwanza umemwagwa leo na kibarua asiyejua kazi, na kwamba mkaa wote ameujaza kwenye chumba cha mkaa bila kumuuliza mtu.

Kitinda aliitwa, akafika alasiri. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa na familia, lakini hakuwa nayo. Macho mekundu, shati limepigwa pasi vizuri sana. Alipita uani, akasimuliwa habari za kibarua, akaingia.

"Pole sana na msiba," Bi Kwanini alisema, akaufunga mlango. "Kelele za nje zinanisumbua. Nisaidie kazi moja. Wenzangu wanadhani shemeji yako aliificha foronya ya mto ndani ya mkaa. Tuitafute."

Akafungua kamba ya gunia la kwanza. Likashusha pumzi.

Kitinda akarudi nyuma, bega likagusa mlango.

"Ni mkaa tu," Bi Kwanini alisema, akafungua la pili, na la tatu, na akaendelea kuzunguka kuta. Kila gunia lilitoa sauti yake. Alitia mkono ndani, akakoroga, akautoa mweusi. "Hebu niambie habari za kaka yako. Mlikuwa wangapi?"

"Wawili. Waliobaki."

"Wazazi?"

"Walikufa nikiwa mdogo. Kaka ndiye alinilea. Yeye na shemeji."

"Alikuwa mkali?"

"Hapana." Kitinda aliangalia lile tundu la juu. Alikuwa akipumua kwa mdomo, kidogo kidogo. "Afande, si tuongelee nje?"

"Nje kuna jua. Mimi na miguu yangu hii, nimesimama tangu asubuhi." Akaketi kwenye mkeka. Aliinyoosha miguu, akaukung'uta mto vumbi. "Kumbe pazuri. Hapa ndipo alipokuwa analala?"

"Ndiyo."

"Nami nataka nilale alipolala. Labda nitaona alichokiona."

Akalala chali, akafumba macho.

Alijua kwamba hewa ile ni salama. Mshumaa uliwaka pale pale. Hata hivyo mwili haukuamini, na moyo ulianza kumwenda mbio. Nje mnara ulivuta pumzi, ukakwaruza, ukaishusha, na kwa mara ya kwanza Bi Kwanini akamwelewa mlinzi. Ilikuwa kana kwamba mtu mwingine amelala naye kwenye mkeka ule, mgongo kwa mgongo, akitafuta hewa. Kitinda hakusema neno. Mnara ukavuta tena. Hakusema neno. Bi Kwanini aliogopa, si kufa, bali kwamba kijana huyu angesimama hapo hadi mwisho, akimtazama.

"Inuka," Kitinda alisema.

Hakuinuka.

"Afande. Inuka. Usilale chini." Sauti ilipasuka. Akamrukia, akamshika mikono miwili, akamvuta kwa nguvu hadi bega likamuuma. "Inuka, mama! Inuka, inuka!" Akaupiga mlango teke, ukafunguka, na wote wawili wakatokea uani mbele ya Sajini na Mhandisi.

Bi Kwanini alijifuta vumbi.

"Kwa nini nisilale chini?"

"Hewa ile... chini ni mbaya."

"Nani kakwambia? Kaka yako alizibwa kwa mto. Wewe mwenyewe umewaambia waombolezaji wote."

Njia ya mwongo ni fupi, na Kitinda aliiona imekwisha miguuni pake. Alimtazama Mhandisi, akaona kwamba naye anajua. Akakaa chini kwenye saruji, pamoja na shati lake safi.

Alieleza bila kubembelezwa. Kiwanda kingine kilikuwa kimemwahidi kazi kubwa, ukubwa aliouota tangu utoto wa kuvaa nguo zilizombana kaka yake. Kwa ahadi hiyo akawapa siri ya mvuke: moto kiasi gani, muda gani, lini kuukata. Fundi akagundua. Hakumpiga, hakumtukana. Alimwambia kwamba baada ya mapumziko wataingia kwa Mhandisi wote wawili wakaseme, na kwamba yeye atamsindikiza, asiogope.

"Kusindikizwa!" Kitinda alisema. "Kama siku ya kwanza shuleni. Mtu mzima mimi. Angesimama pembeni yangu, angeniombea msamaha, na kila mtu angeona."

"Kwa hiyo hukuunyonya mnara."

"Sikuunyonya. Nilikuwa nasema nitabadili mawazo, kuna siku nzima. Mchana nikaingia kwa mlango wa vifuu. Alikuwa amelala. Nikafungua kamba moja moja, taratibu, asiamke. Lile la chini sikulifikia. Nikatoka, nikakomea."

"Ukaondoka?"

Kitinda alitikisa kichwa. Mnara ulikuwa ukipumua juu yao, naye akasubiri umalize, kama mtu anayempisha mkubwa aseme kwanza.

"Nilisimama hapo mlangoni. Nilidhani hatasikia kitu, atalala moja kwa moja. Lakini kifua chake kilikuwa kimezoea kumwamsha. Nikasikia anatambaa. Akaona viatu vyangu chini ya mlango, pana upenyo mwembamba pale. Akaniita. Hakupiga kelele, afande, hakulia. Aliita Kitinda, Kitinda, kwa upole kabisa, kama mtu aliyefurahi." Alijishika kichwa. "Alidhani nimekuja kumfungulia."

Mhandisi aligeuka akaenda kwenye minara, akaizima pampu. Ukimya ulioingia kiwandani ulikuwa mbaya kuliko ile pumzi, na kwa muda hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake. Kisha Sajini akamwinua kijana, akamfunga pingu bila kumkaza.

Bi Kwanini alitangulia kituoni kabla ya gari lililombeba Kitinda. Alitaka habari hiyo mjane aisikie kutoka kwake, si kwa kelele za korido. Alimkuta kwenye benchi lile lile, miguu peku, kwa sababu viatu vya mahabusu hukaa kaunta. Akaketi kando yake, akamweleza yote, hata lile la mlangoni, kwa kuwa aliona hana haki ya kumficha.

Mjane alisikiliza akiwa ameiweka mikono magotini. Hakupiga kelele. Alipomaliza kusikiliza, alivuta pua kidogo.

"Siku ile nilikutana naye," alisema. "Nikiwa na chakula, kwenye kichochoro cha nyuma ya kiwanda. Alinipita bila salamu. Hajawahi kunipita bila salamu tangu aanze kusema. Alikuwa analia, afande. Nilipomkuta mume wangu pale chini, nilijua."

Bi Kwanini alihisi hasira zikimpanda hadi masikioni. Siku nzima hii, mishumaa, magunia, pampu ya baiskeli, na neno moja la mwanamke huyu lingetosha.

"Ulijua! Kesho ungeshitakiwa kwa kuua. Wangeweza kukufunga maisha. Kwa nini hukusema?"

"Alikuja kwangu hajui kufunga kamba za viatu. Mimi sikujaliwa kuzaa. Mume wangu alishakufa, na kusema kusingemrudisha." Akamgeukia polisi, akamtazama kama mtu anayeuliza kweli na anangoja jibu. "Ningemtaja, ningebaki na nani?"

Bi Kwanini akainuka. Alikwenda kaunta, akaleta viatu na kitambaa cha kichwa, akamwonyesha mahali pa kutia dole gumba. Akamwambia kwamba yuko huru, hata sasa hivi anaweza kwenda nyumbani, na kama anaogopa kulala peke yake atampa askari wa kumsindikiza.

Mjane alivaa viatu. Akafunga kitambaa, akashukuru, akafika mlangoni. Barabarani watu walikuwa wakirudi kutoka kazini. Alisimama kizingitini akiwatazama, kisha akamgeukia Bi Kwanini.

"Huyo kijana mtamleta hapa hapa?"

"Ndiyo. Yuko njiani."

"Basi," mjane alisema, akarudi, akaketi kwenye benchi.